Kimya cha Saa Nane

Wiki hiyo mafua ya watoto yalikuwa yameingia mjini, na duka la dawa la karibu na stendi lilijaa watu hadi barazani. Katikati ya foleni alisimama binti mmoja aliye katikati ya ujana wake, blauzi ya kijani, sketi nyeusi iliyopigwa pasi ikakubali, mkononi cheti cha dawa ya presha ya shangazi yake. Alikuwa amebakiza mtu mmoja tu mbele yake pale mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, alipojipenyeza ubavuni mwake na kuweka kikapu juu ya kaunta.

"Kaka, mkia wa foleni uko kule," binti alimwambia.

"Mimi nilipanga foleni asubuhi, nikaambiwa nirudi. Muulize muuzaji."

Muuzaji alitikisa kichwa kukubali, akaanza kupanga chupa ndani ya kikapu. Zote zilikuwa dawa ya mafua ya watoto, ile inayojulikana kwa kulegeza macho. Chupa ziliongezeka mpaka binti akashindwa kujizuia.

"Unafungua duka?"

"Nina watoto."

"Wote hao?"

"Wewe hesabu chupa tu," alisema yule bwana kwa uso mkavu, kisha akacheka mwenyewe. Alisogeza kikapu pembeni, akamwachia nafasi. "Pita, mwenye zamu. Nisije nikaondoka na laana ya mtu mzuri."

Binti alipotoka alimkuta barazani, kikapu kimening'inia mkononi, anajifanya anatafuta kivuli. Walitembea pamoja mpaka njia panda. Walitajiana majina, lakini majina hayo hayakupata kazi. Kuanzia siku hiyo yeye alikuwa Mwenye Zamu, na yule bwana akawa Bwana Chupa, na hivyo ndivyo walivyoandikana kwenye simu zao.

Kuhusu kazi, kila mmoja alimficha mwenzake. Binti alisema anafanya kazi za ofisi, akaishia hapo. Ukweli ni kwamba alikuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jiji, anayeshughulikia watoto wadogo, na alishajifunza kwamba mtu akijua hivyo, ama anaanza kumwogopa ama anamletea kesi ya jirani. Bwana Chupa naye alisema anafanya kazi na watu wafupi. Alipoulizwa ni watu gani hao, akageuza maneno. Alikuwa na sababu zake. Alishawahi kumwambia mwanamke kazi yake, na mwanamke yule alicheka mpaka akakohoa.

Mapenzi yakashika moto hivyohivyo. Jioni walikutana kwenye benchi la bustani nyuma ya maktaba, bwana akiwa amebadilisha shati, binti akiwa amevaa gauni lake la maua madogo lililomkaa kama limekatwa mwilini mwake. Usiku simu iliwaka mpaka sikio likapata joto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utakonda, maana nakata simu nilale."

Lakini shaka nayo ilikuwa imekaa pembeni ya benchi, imenyoosha miguu. Binti aliona mambo. Aliona kola ya shati la bwana huyu ina rangi ya kalamu ya nta, leo nyekundu, kesho bluu. Aliona anavyomenya chungwa: alilitenga vipande vidogovidogo, akatoa mbegu moja baada ya nyingine, kama anamlisha mtu asiye na meno. Siku moja kamba ya kiatu chake ililegea, na kabla hajainama, bwana alishapiga goti na kuifunga kwa fundo la mara mbili. Mwanamume asiye na mke wala mtoto, fundo hilo kalijulia wapi? Na zaidi ya yote, mchana hakupokea simu. Asubuhi alipokea. Jioni alipokea. Ikifika saa nane, simu yake ilizimwa kabisa.

Shangazi, aliyemlea binti huyu tangu akiwa mdogo na ambaye presha haikumpunguzia ulimi, alitoa hukumu akiwa amelala kitandani. Mwanamume anayezima simu mchana, alisema, ana mke wa mchana.

"Shangazi nawe."

"Mimi nimekula chumvi nyingi, mwanangu. Mwanamume akiwa mtamu jioni, muulize mchana sukari anampelekea nani."

Siku moja binti alimpigia asubuhi, na kabla bwana hajaongea, sauti ya mtoto ilisikika karibu kabisa na simu: "Mjomba, anataka kukojoa." Simu ilikatwa. Jioni alipomuuliza, alijibu kwamba huyo ni mpwa wake, na alimjibu haraka mno. Binti alisema sawa. Hakulala vizuri.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai fupi na hofu ndefu, ambaye kila jambo alilipima kwanza kama litamfikisha magazetini. Kwenye kiti cha wageni alikaa bibi mmoja muuza mboga, ametandaza kanga magotini. Mkuu alimwomba arudie maneno yake.

Bibi alisema hana ugomvi na mtu. Ila kwenye kichochoro anachouzia mboga kuna karakana ya zamani ya seremala, na humo kuna kijana anayelea watoto wa watu. Akina mama wanaofanya kazi viwandani humwachia asubuhi, wanawachukua jioni. Asubuhi ni kelele za kawaida. Lakini ikifika saa nane, kimya. Si kimya cha watoto kulala, maana watoto wakilala yupo anayelia, yupo anayekohoa. Hiki ni kimya cha shimoni.

"Chumba kizima cha watoto, hata mmoja hasikiki," alisema bibi. "Nimezaa, nimelea wajukuu. Mtoto hanyamazi hivyo mpaka awe amenyweshwa kitu."

"Anaitwa nani?" binti aliuliza.

"Jina lake silijui. Wote tunamwita Mjomba."

Mkuu alisema jambo hili lishughulikiwe leo hii, kabla halijawa habari. Binti aliitikia. Hakumwambia kwamba pengine anamfahamu mtu huyo. Alijiambia kwamba wajomba ni wengi mjini. Lakini njia nzima ule mlio wa chupa zikigongana kikapuni haukutoka masikioni mwake.

Alifika kichochoroni saa nane imepita kidogo. Karakana ilikuwa ya mabati, na mlango mmoja tu wa mbao, na karibu na mlango huo jiko la mafuta lenye sufuria ya uji lililokuwa linaunguruma taratibu. Alisikiliza. Bibi hakusema uongo. Alisikia jiko, alisikia nzi, hakusikia mtoto. Alibisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na Bwana Chupa mwenyewe, aproni kifuani, rangi ya kijani kwenye kidevu. Kwanza uso wake ulichanua. "Umenifuata mpaka huku?" alinong'ona. Kisha macho yake yakashuka kwenye kitambulisho cha jiji kilichoning'inia shingoni mwa binti, na ule mchanuo ukafa.

"Kumbe," alisema.

"Dawa ulizonunua ziko wapi?"

Lilikuwa swali fupi, lakini ndani yake mlikuwa na mashtaka yote, na Bwana Chupa aliyasikia yote. Alisogea pembeni ili binti apite.

Watoto hawakuwa wamelala. Walikaa kwenye mikeka kwa duara kubwa, macho mang'avu kama ya panya, na mikono yao ilikuwa hewani. Vidole vilikunjwa na kukunjuka, viganja viligusa kifua, paji la uso, shavu. Mvulana mmoja aliyekosa meno ya mbele alikuwa anasimulia kitu kirefu kwa mikono, na wenzake walijishika matumbo kwa kicheko kisichotoa sauti. Katikati ya duara aliketi msichana mdogo wa nywele zilizosukwa mistari miwili, ambaye ndiye aliyekuwa anamsahihisha msimuliaji kila alipokosea kidole.

Msichana huyo alikuwa mpwa wa Bwana Chupa, mtoto wa dada yake. Hakuwahi kusikia tangu kuzaliwa. Dada alikuwa mpishi wa zamu katika hospitali, na shule pekee ya watoto wasiosikia ilikuwa mji mwingine kabisa. Alipojaribu kumpeleka kwenye vituo vingine, walimkataa kwa adabu. Kwa hiyo kaka yake, aliyekuwa seremala, aliacha kupiga randa, akajifunza lugha ya alama, akamlea mwenyewe humo karakanani. Majirani wakaanza kumwachia na wa kwao. Na kwa kuwa mtoto huyo asubuhi nzima alikaa pembeni ya kelele asizozisikia, mjomba wake aliweka sheria: kuanzia saa nane, kila mtu huongea kwa lugha ya mwenye nyumba. Na simu huzimwa.

"Dawa walinituma mama zao," alisema mwishowe. "Wao wakitoka kazini duka limeshafungwa. Kila mmoja alichukua chupa yake jioni ileile, akampe mwanawe nyumbani kwake. Nenda kawaulize. Ndiyo kazi yako."

"Nitawauliza," alisema binti, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake kweli.

"Tangu dukani ulikuwa unanifuatilia?"

"Hapana."

"Nitajuaje?"

Binti aligeuka kutazama chumba. Aliona mlango mmoja, jiko la mafuta limekaa pembeni yake, vumbi la mbao la miaka limeshika kwenye kuta, choo kimoja cha kuazima upande wa pili wa kichochoro. Aliona yote hayo kwa jicho la afisa, na hakuweza kuacha kuyaona.

Aliwauliza akina mama jioni hiyo, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na chupa yake nyumbani. Bibi wa mboga alipoelezwa alishika kinywa, akaenda mwenyewe karakanani kuomba radhi. Mtu angefikiri mambo yameisha. Kesho yake binti alirudi na kumwambia Mjomba kwamba hana kosa lolote kwa watoto, lakini kituo lazima kifungwe.

"Jiko likilipuka hapo mlangoni," alimwambia, "watapitia wapi?"

Mwanamume alilitazama jiko. Ni jambo alilokuwa amelifikiria mara nyingi kitandani, na kila asubuhi aliwasha jiko lilelile, kwa sababu hakuwa na jingine. Lakini aliposema, alisema la uchungu.

"Jiji linajua kufunga. Kufungua je, mmewahi kujifunza?"

"Sikuja kugombana na wewe."

"Najua. Umekuja kikazi. Hata bustanini labda ulikuwa unakuja kikazi."

Binti aliondoka bila kulia. Alilia nyumbani, na shangazi, aliyekuwa na methali tayari ulimini, alimtazama, akaimeza.

Simu zikafa. Bwana aliliona jina la Mwenye Zamu likiwaka kwenye skrini, asipokee. Binti naye alianza kujishuku: je, angemfungia hivyo mtu asiyempenda? Au alikuwa mkali zaidi, ili asije akasemwa kwamba anampendelea?

Watoto walitawanyika. Wengine walifuata mama zao wakalala chini ya meza za kushonea. Wengine walifungiwa ndani pamoja na kaka wa darasa la pili. Mmoja alipotea sokoni mpaka jioni. Kisha siku moja yule msichana asiyesikia, aliyeachwa kwa jirani mjomba wake alipokwenda kutafuta kibarua, alitoka barabarani kufuata puto. Pikipiki ilipiga honi, ikapiga tena. Honi hakuisikia. Dereva aliangusha chombo chake kwenye mtaro ili asimpitie, akavunjika mkono. Mtoto alichubuka goti tu.

Binti alizipata habari akiwa ofisini. Alisimama, akaingia kwa mkuu wake bila kubisha hodi. Alimkumbusha ukumbi wa jiji ulio mwanzo wa mtaa uleule: mkubwa, milango minne, vyoo, maji ya bomba. Umefungwa tangu lini hakuna aliyekumbuka. Ndani yake mlikuwa na viti vilivyovunjika na mabango ya sherehe zilizopita.

Mkuu alisema ukumbi ule ni wa mikutano. Binti aliuliza mkutano wa mwisho ulikuwa lini. Mkuu alisema suala la malezi ni la wazazi. Hapo ndipo binti aliposema maneno ambayo baadaye watu wa idara waliyarudia kwenye ngazi.

"Sheria yetu ndogo ina nusu mbili, mzee. Inasema tufunge pasipo salama, na inasema tuhakikishe mtoto ana pa kukaa. Sisi tumetekeleza nusu isiyo na gharama."

Mkuu alivuta tai yake. "Huyu bwana ni nani kwako?"

"Ni mlezi wa watoto," alijibu, na aliposhuka ngazi jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alilipeleka jambo kwenye kamati ya madiwani. Hakwenda na hotuba. Alikwenda na akina mama, na akina mama, kwa kuwa hawakuwa na pa kuwaacha, walikwenda na watoto wao wote. Ukumbi wa kamati ulijaa vilio, makombo ya biskuti na mtoto mmoja aliyekalia kiti cha mwenyekiti akakataa kushuka. Diwani mmoja aliyekuwa amejiandaa kupinga hakusikika hata alichosema. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubali: ukumbi utolewe kwa majaribio, jiji lilipie maji na mlezi wa pili, na kituo kikaguliwe kila mwezi. Haikuwa ukarimu mtupu. Walitaka kurudishiwa chumba chao. Lakini kibali ni kibali.

Siku ya kuusafisha ukumbi binti alifika na gauni la zamani, kitambaa kichwani. Mjomba alikuwepo tayari, anatoa viti. Alimwona, akamkabidhi upande mmoja wa meza nzito. Waliibeba kimya mpaka nje, wakaiweka chini, wakabaki wameishikilia.

"Nimesikia ulivyowafanya madiwani," alisema Mjomba.

"Ni watoto waliowafanya."

"Nilikukosea. Nilijua ule mlango ni mbaya. Nilitafuta wa kumlaumu."

"Na mimi nilikuuliza habari za dawa kabla sijakusalimu."

Alikuna shingo. "Nikikudanganya kwamba moyo umetulia, utajua. Bado nina shaka, Mwenye Zamu. Kila ukitazama kitu, najiuliza unatazama kama nani."

"Mimi pia sijui, kaka. Ninapokuwa nawe, jicho la kazi halifungi vizuri."

"Basi?"

"Basi tukae nazo hizo shaka mpaka zituzoee."

Alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Alichomoa kitambaa mfukoni, akamfuta vumbi puani kwa uangalifu ule wa kufuta makamasi, na safari hii binti hakushuku chochote. Alisimama tu, afutwe.

Usiku huo aliwaza sana. Asubuhi alibisha hodi kwa mkuu, akasubiri kuitikiwa, akaketi. Alisema kituo cha ukumbini apewe afisa mwingine kukikagua, kwa kuwa yeye hawezi kumkagua mtu wake mwenyewe. Aliongeza kwamba lile jibu alilompa siku ile kuhusu Mjomba halikuwa kamili. Mkuu alimkazia macho, akaogopa magazeti kidogo, akaona hapa hakuna habari. Aliuliza kama ni mchumba. Binti alivuta pumzi, akasema ndiyo. Hakuna aliyekuwa amemchumbia. Lakini alikuwa amechoka kutoa majibu nusunusu katika ofisi ile.

Kwa hiyo mkaguzi wa mwezi wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa idara, mkali, mwenye miwani minene, aliyefungua kila mlango na kuufunga, akanusa uji, akavuta maji ya choo mara mbili. Mwisho alimpongeza Mjomba, akashika kofia yake, akamuuliza kwa upole harusi ni lini, maana ofisini wanataka kujua wachange au wasubiri.

Mjomba alisimama mlangoni mpaka mzee akapotea kwenye kona. Kisha akapiga simu.

"Nimekaguliwa," alisema.

"Umepita?"

"Nimepita. Ila mkaguzi ameniuliza harusi lini."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Habari zangu jiji linazijua kabla yangu. Nimemwambia arudi ofisini aulize kwenye dawati lako."

"Sikutaka uzisikie kwa mtu," alisema binti taratibu. "Niliulizwa ghafla. Kama nimekutangulia, sema, nitakwenda kufuta kauli."

"Usifute." Alikohoa kidogo, akaanza upya kwa sauti iliyowafanya hata watoto wageuke kumtazama. "Sikiliza. Nilikuwa nangoja nipate shati zuri. Nakuomba, uolewe na mimi."

"Nimeshakubali mbele ya mkuu wa idara."

"Mbele yangu bado."

Binti alitazama ofisi, mafaili, makarani wawili waliokuwa wamejifanya wanaandika. Hakushusha sauti.

"Nakubali," alisema. "Jumapili uje nyumbani na dada yako, na mtoto. Shangazi ana maswali, na yeye hakagui kwa mwezi. Anakagua kila siku."